Barua kwa mwanangu: uanze na albamu ipi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nimemsomea mama yako kwa sauti. Unasema tangu ununue gitaa umekuwa ukiwatafuta hawa watunzi wanaoimba mashairi yao wenyewe huku wakijipigia gitaa, na kila ukimfungua mmoja kwenye simu unakuta ana albamu kumi, kumi na tano, wengine zaidi ya thelathini. Ukauliza: "Baba, mtu anaanzia wapi?" Ningeweza kukupigia, lakini jambo hili haliishi kwa dakika tano. Leo Mikindani umeme upo, redio za watu nimeshazimaliza, na jioni yote ni yangu.

Nianze na bibi yako. Wewe ulimkuta mzee, hukubahatika kumsikia akiimba. Alikuwa mwimbaji wa kuitwa; panapochezwa unyago, yeye ndiye anayeanzisha na wengine wanapokea. Sauti yake ngomani ilikuwa pana, ya kuwabeba watu. Lakini msimu wa korosho ukifika, Oktoba mpaka Desemba, tukiwa wawili tu shambani asubuhi na mapema, alikuwa na sauti nyingine. Anainama, anaokota, ananyonga korosho kutoka kwenye bibo, anaitupa ndooni, na kati ya korosho na korosho anatunga. Shemeji aliyemsema vibaya. Mtoto aliyemzika kabla yangu. Maneno yanakuja taratibu, mengine anayarudia mpaka yakae sawa. Hakuwa akimwimbia mtu. Akigundua nimeacha kuokota namsikiliza, ananyamaza, au anageukia zile za ngomani ambazo kila mtu anazijua.

Kwa hiyo mimi kwa mtunzi yeyote natafuta kwanza albamu yake ya mikoroshoni. Za ngomani zitakuja zenyewe, wala huhitaji mtu wa kukuonyesha.

Wengi watakushauri uanze na mkusanyiko wa nyimbo zilizotamba, au ufuate miaka, albamu ya kwanza ndiyo iwe ya kwanza kwako. Mkusanyiko unakukusanyia zile za ngomani tu. Na albamu ya kwanza mara nyingi ni ya mtu ambaye bado anaimba vya wenzake. Bob Dylan ni mfano: albamu yake ya 1962 ina nyimbo 13, na alizotunga mwenyewe ni mbili. Ya 1963, The Freewheelin' Bob Dylan, ndiyo utamkuta ameanza kusema lake. Kwake yeye anzia hapo. Tracy Chapman ni kinyume: ile ya 1988 yenye jina lake ni ya kwanza na ndiyo mlango. Alikuja tayari ameiva, wala huna sababu ya kuzunguka.

Sasa Joni Mitchell, maana huyu ndiye uliyemtaja. Huyu Mkanada ana albamu nyingi, na watu wa muziki watakusukumia zile za katikati ya miaka ya 1970 zenye bendi nzima. Ni nzuri, zitakungoja. Wewe anza na Blue, ya 1971. Nyimbo kumi, vyombo vichache, gitaa au piano, na hapa na pale kile chombo kidogo cha nyuzi kinachopakatwa mapajani. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba wakati ule alijiona kama ile nailoni laini inayozungushiwa pakiti ya sigara, hana cha kujikingia. Sikiliza wimbo wa tatu. Unahusu mtoto wa kike aliyemzaa mwaka 1965 akiwa hana mume wala fedha, akalazimika kumtoa alelewe na wengine. Albamu ilipotoka watu wakaupokea kama wimbo mzuri tu wa mtoto, hawakujua. Mama na binti walikuja kuonana mwaka 1997. Mimi niliusikiliza miaka mingi bila kujua habari hiyo, na bado kila ulipofika pale nilikuwa naweka bisibisi chini.

Kaseti yenyewe niliachiwa na mwalimu wa kujitolea niliyemtengenezea redio, wewe hujazaliwa. Ilinaswa siku moja, mkanda ukajikunja kwenye roli, na nilipouvuta ukakatika. Nikakata ncha zote mbili kwa wembe, nikaondoa kipande kilichochakaa, urefu wa kidole gumba, nikaunga kwa gundi ya karatasi, taratibu, ncha zisipandane. Kidole gumba cha mkanda ni kama sekunde moja ya wimbo. Na kipande kikitoka upande wa kwanza kimetoka na mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo nilipoteza sekunde mbili. Mpaka leo nikiusikia wimbo wa tatu ukiwa mzima kwenye simu ya kaka yako, sikio langu linaruka pale pale.

Halafu neno moja kwa sababu unajifunza gitaa. Ukijaribu nyimbo zake zikakataa, usijilaumu. Aliugua polio akiwa na miaka tisa, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, ndiyo maana akawa anafunga nyuzi kwa namna zake, analegeza hii na ile mpaka vidole vipate kazi nyepesi. Ile sauti unayoisikia kana kwamba ina mlango mwingine nyuma imetoka huko. Usizitafute kwenye gitaa lililofungwa kawaida.

Wa pili nitakayekupa ni wa jirani zetu, Geoffrey Oryema wa Uganda. Anza na Exile, ya 1990. Baba yake alikuwa waziri wakati wa Idi Amin, akauawa mwaka 1977. Kijana akavushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, akaishia Ufaransa. Baba huyohuyo ndiye aliyemfundisha kupiga nanga, kinubi cha nyuzi saba. Basi ukisikia nanga kwenye albamu ile, ujue anayepiga anashika alichoachiwa. Anaimba zaidi kwa Kiacholi na hutaelewa neno, nami sikuelewa. Usitafute tafsiri mara ya kwanza. Bibi yako naye maneno mengine aliyameza, sikuyapata, lakini nilijua anaongea na nani. Albamu zake zilizofuata zimejaa watu na mitambo. Nenda nazo baadaye. Alirudi kwao Desemba 2016, karibu miaka 40 tangu atoroke, akafariki mwaka 2018.

Ali Farka Touré wa Mali, hapa nitapingana na watu wengi. Wote watakupa Talking Timbuktu ya 1994, aliyoifanya na Mmarekani Ry Cooder na kupata nayo tuzo ya Grammy. Siidharau. Lakini mle ndani kuna mgeni, na mwenye nyumba akiwa na mgeni hukaa kwa adabu fulani. Chukua Niafunké ya 1999. Hilo ni jina la mji wake, kando ya Mto Niger. Alikuwa na mashamba ya mpunga na hakutaka kuyaacha, kwa hiyo waliotaka kumrekodi wakamfuata na mitambo yao, wakawasha jenereta, wakarekodia kwenye jengo kuukuu, naye akaja kupiga akitoka shambani. Mtu wa kwetu akisikiliza albamu ile anatambua mkono uliotoka kushika jembe. Gitaa halina haraka hata kidogo.

Yupo mmoja ambaye kwake nakukataza kufuata nilichosema. Nick Drake, Mwingereza, ana albamu tatu tu. Ukifuata kanuni yangu utakwenda moja kwa moja kwenye ya mwisho, Pink Moon ya 1972, iliyorekodiwa usiku mbili, dakika 28, yeye na gitaa, na piano kidogo kwenye wimbo mmoja. Hakuna albamu ya mikoroshoni kuizidi. Lakini kijana yule alikuwa na huzuni nzito ya moyoni alipoiimba, na mwaka 1974, akiwa na miaka 26, alifariki nyumbani kwa wazazi wake. Wewe unaishi chumba cha kupanga, peke yako, katika mji ambao bado haujakuzoea. Sitaki sauti ile ikukute usiku ukiwa na mawazo. Anza na Five Leaves Left ya 1969, alipokuwa na miaka 21. Ina fidla na vyombo vingine vya nyuzi, vingi vikiwa vimepangwa na rafiki yake wa chuo, na ndani yake mna mtu mwingine zaidi ya yeye. Ile ya mwisho uje uisikilize hapa nyumbani, tukae wote barazani. Halafu nitakusikilizisha za mama yake, Molly Drake. Naye alikuwa akitunga, akipiga piano sebuleni, zikarekodiwa hapo hapo nyumbani miaka ya 1950. Albamu ilikuja kutoka wote wawili wameshafariki. Ukimsikia mama, unajua mtoto aliipata wapi sauti.

Ombi langu lingine ni kuhusu namna ya kusikiliza. Simu inachanganya nyimbo, inaruka, inakuletea mwingine kabla huyu hajamaliza. Izuie. Albamu moja kwa wiki, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, na gitaa lako ulilaze kwanza.

Kaseti ya Blue nimekufungia pamoja na redio ndogo ya kaseti, nimeibadilisha mkanda wa kuzungushia na kichwa nimekisafisha kwa spiriti. Mama yako ameongeza korosho kilo mbili, alizozibangua mwenyewe. Mzigo nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri, utapitia Lindi. Ataushusha hapo Dar, Mbagala Rangi Tatu, jioni. Nenda mapema, uufungue mbele yake. Na ukifika kwenye wimbo wa tatu ukasikia umeruka, usipeleke redio kwa fundi.

Baba yako,
Mikindani