"Ukipata nafasi" ya bosi

Mhariri, wiki hii mmeuliza mkuu wa kazi afanyeje ili aheshimu mipaka ya walio chini yake. Mimi nasimamia watu sita katika kitengo cha uhasibu hapa Dar es Salaam, na jibu langu nililipata msibani.

Binti mmoja wa kitengo chetu alifiwa na bibi yake. Jioni nikaenda Mbagala kumpa pole. Tumekaa mkekani, chai inagawiwa, nikamwona amejitanda khanga mpaka usoni. Nikadhani analia. Kumbe ndani ya khanga mna mwanga wa simu, anaandika. Haikupita muda, simu yangu ikatetemeka mkobani: "Bosi, ankara za Ijumaa nimeshazituma."

Asubuhi ile nilikuwa nimemwandikia: "Pole sana mdogo wangu. Ukipata nafasi, niangalizie ankara za Ijumaa." Niliandika kwa nia njema kabisa, nikiamini nimemwachia achague mwenyewe. Pale mkekani nikaona aibu. Mtu anayekusainia likizo, anayeandika ripoti ya kukuongezea au kutokukuongezea mkataba, akisema "ukipata nafasi" amekuamuru. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wafanyakazi wafundishwe kusema hapana. Huko ni kuwatwisha mzigo wetu. Wa kujizuia ni mimi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 45, na tangu mtu atoke kazini hadi aingie tena apumzike angalau saa 12 mfululizo. Kwa miaka mingi niliona hayo yanawahusu watu wa viwandani. Lakini ukinitumia swali la kazi saa nne usiku, kichwa changu kimesharudi ofisini. Sasa nikikumbuka jambo usiku, naliandika kwenye daftari, nalituma saa mbili asubuhi. Anayekwenda likizo anakabidhi kazi kwa maandishi, na akiulizwa chochote, swali linaletwa kwangu. Mwisho wa mwezi tunapofunga hesabu ni kweli tunachelewa kutoka, ila tunakubaliana mapema na saa za ziada zinalipwa.

Kuna na kadi za michango. Mdogo wangu alipoolewa, niliwawekea watu wangu kadi mezani, mmoja mmoja. Wote sita walichanga, nami nikafurahi. Leo najiuliza ni nani kati yao angethubutu kunirudishia kadi tupu, na mishahara yao naijua shilingi kwa shilingi. Siku hizi sigawi kadi kwa ninaowasimamia. Mtu akileta ED, yaani karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, naipokea, siulizi anaumwa nini.

Wapo wanaoniambia nimekuwa mkavu, kwamba sisi ni watu wa kushirikiana. Misibani naenda bado, nakaa mkekani na rambirambi natoa. Simu ya kazi ndiyo siendi nayo.

Juzi binti yule ameniletea fomu ya kuomba siku mbili. Zamani angeanza kunisimulia habari za nyumbani kwao tangu mlangoni, ili nimwonee huruma. Safari hii aliiweka mezani, akasimama kimya. Nikasaini, akashukuru, akatoka.