Valjoux 7750: ipeleke saa kwa fundi kabla haijasimama

Wengi wanaovaa kronografu ya otomatiki (saa yenye stopwatch, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono) huniuliza swali lilelile: mbona nikitikisa mkono kuna kitu kinazunguka ndani kwa kasi? Mara nyingi jibu ni kwamba saa ina mashine ya Valjoux 7750, na hiyo ndiyo tabia yake. Kile kipande kizito cha nyuma hujaza springi kikizungukia upande mmoja tu. Upande wa pili kinazunguka bure, nawe unausikia mtikisiko.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kauli ya "bado inatembea, sevisi ya nini?" Mashine hii, aliyoibuni Edmond Capt kule Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni imara mno. Hupiga mapigo 28,800 kila saa, yaani zaidi ya bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Mafuta yakikauka haisimami, inaendelea kwenda huku vyuma vikisagana. Siku itakaposimama, fundi hatakudai kazi ya kusafisha peke yake, atakudai na gia mpya.

Ndiyo maana mimi naipima mwenyewe. Naijaza hadi mwisho, naivua, naiacha mezani. Ikiwa nzima itavuka saa 40. Kisha naijaza tena na kuwasha kronografu: kuchelewa kidogo si neno, lakini ikisimama au ikianza kupoteza dakika, ni wakati wa fundi. Vitufe vikiwa vigumu kuliko zamani, mara nyingi ni grisi imekauka kwenye kamu (kipande kinachowasha na kuzima kronografu) na vijiti vyake. (Na tarehe usiibadilishe kwa haraka kuanzia saa 2 usiku hadi saa 9 usiku, maana gia zake zimeshashikana.)

Kwa fundi, uliza bila haya kama ataifungua yote, kipande kwa kipande. Wapo wanaochovya mashine nzima kwenye petroli, wanaipuliza, wanakurudishia. Saa itatembea vizuri wiki kadhaa, lakini mafuta hayajafika panapotakiwa. Wakati wa kuichukua, omba aiweke mbele yako kwenye kipimo cha mwendo wa saa (timegrapher), nacho kiwe kimewekewa pembe ya mashine hii (lift angle), nyuzi 49, kwanza kronografu ikiwa imezimwa, halafu imewashwa. Ikiwa imejaa na imelala uso juu, mbembeo wa gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi kuongoza mwendo wa saa, ufike nyuzi 270 hivi au zaidi. Chini sana ya hapo, mwachie aendelee nayo.