Spika tupu za sabufa iliyokufa: kabla hujaziunga kwenye kompyuta

Mkuu, umeandika kwamba umetoa spika mbili ndogo kwenye sabufa iliyokufa hapo Ujiji, ukakata waya wa iafoni za zamani, ukaziunga na kuchomeka kwenye tundu la kijani la kompyuta, na sauti inatoka kama ya mbu. Usizitupe. Spika zako ni nzima, kinachokosekana ni amplifaya, yaani kifaa cha kuipa sauti nguvu.

Tundu lile limetengenezwa kwa ajili ya iafoni, ambazo nyingi zina omu 16 au 32 (omu ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyozuia umeme). Spika ya sabufa ina omu 4 au 8, kwa hiyo inadai umeme mwingi kuliko ule ambao tundu linaweza kutoa. Ukipandisha sauti hadi mwisho itakwaruza tu, na unaitesa kompyuta bure.

Mimi nilipokuwa nimepanga chumba Mwanga nilitumia kibao kidogo cha amplifaya kinachoitwa PAM8403. Ni kidogo kuliko kiberiti, kinakula volti 5, na kwa spika za omu 4 kinatoa hadi wati 3 kila upande. Kwa chumba kimoja zinatosha kabisa, jirani atajua unasikiliza nini.

Cha kwanza nilikiunguza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nilizoea redio za zamani ambazo waya hasi za spika zote mbili hukutana sehemu moja, basi nikazikutanisha na hapa. Kibao hiki hakitaki hivyo. Waya zote mbili za kila spika zinabeba sauti, hata ule ulioandikwa hasi. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, au ukaigusisha na hasi ya chaja inayokipa umeme, umekiua. Kila spika ipelekewe waya zake mbili, peke yake.

Waya wa iafoni, unaoleta sauti toka kompyuta hadi kwenye kibao, nao una mtego. Nyuzi zake zimepakwa vanishi inayozuia umeme, ndiyo maana watu huzisokota na wasipate kitu. Kwangua taratibu au choma ncha kwa risasi ya kulehemu iliyoyeyuka mpaka shaba ishike risasi. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na ya rangi ya shaba ni hasi, lakini usiamini rangi, pima kwa mita ya fundi (multimita): ncha ya pini ni kushoto, pete inayofuata ni kulia, shina ni hasi. Tafuta waya usio na maiki ili usihangaike na uzi wa nne.

Kama alama za spika zimefutika, chukua betri moja ya volti 1.5 uguse miguu ya spika kidogo tu. Karatasi ikisogea nje, mguu uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Fanya hivyo kwa zote mbili. Moja ikigeuzwa utasikia muziki, ila besi itapotea na hutajua imeenda wapi.

Umeme mwanzoni niliuchukua kwenye tundu la USB la kompyuta ileile. Kila nikisogeza kipanya, spika zinalia mluzi. Nilipohamia chaja ya simu inayojitegemea, mluzi ukaisha.

Halafu zitengenezee boksi. Spika ikiwa wazi mezani, hewa inayosukumwa nyuma inaiua ile ya mbele na besi inakufa. Fundi seremala alinipa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda, nikavipiga gundi na misumari, nikaziba kila upenyo. Spika zilezile, ila sauti ilijaa chumba.

Na ile spika kubwa ya besi ya sabufa yako iweke pembeni kwanza. Kibao hiki hakiiwezi, inahitaji amplifaya ya volti 12 yenye nguvu zaidi.