Mdomo Ukianza Kuchonyota, Usingoje Kesho

Nauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu, na Jumapili ndiyo siku yenye wateja. Kwa miaka mingi nilisimama juani tangu asubuhi hadi jioni, kichwa wazi, maana mwavuli niliufunika juu ya nguo zisipauke. Jumatatu usiku mdomo wa chini, upande wa kushoto, unaanza kuwasha na kuchonyota kama nimelamba pilipili. Jumanne asubuhi malengelenge yamerundikana pale kama punje za mtama. Yanapasuka, yanatoa maji, yanafanya gamba la manjano, na gamba lenyewe linachanika kila nikicheka. Siku kumi nauza nguo nimeziba mdomo kwa leso.

"Malaria hiyo inatokea," kila mtu aliniambia. Kwetu huku kando ya ziwa, malaria ndiyo inayodhaniwa kwanza. Mara mbili nilimeza dawa za malaria bila kupimwa, na vidonda vikapona kwa siku zao zilezile. Usemi huo una chembe ya ukweli: homa kali, iwe ya malaria au ya nimonia, inaweza kuamsha vidonda hivi, na ndiyo maana wengi huviita vidonda vya homa. Ukiwa na homa, nenda upimwe damu. Lakini kama ni kidonda cha mdomo peke yake, dawa ya malaria haina kazi hapo.

Daktari niliyemwendea mwishowe alinieleza kwamba ni virusi vya hepesi, aina ya kwanza. Wengi wetu tuliambukizwa tukiwa wadogo, kwa busu la mtu wa nyumbani aliyekuwa navyo. Vikishaingia haviondoki. Vinafuata neva ya hisia za uso hadi kwenye fundo lake ndani ya fuvu, karibu na sikio, vinalala hapo. Jua kali, homa, uchovu, hedhi au mawazo mengi yakiviamsha, vinarudi kwa njia ileile, na ndiyo maana kidonda changu hutokea pahali pamoja kila mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana virusi hivi, wengi wao bila kujua. Niliposikia idadi hiyo, aibu ilinitoka. Sokoni nilikuwa nimenong'onwa vya kutosha.

Kosa langu kubwa lilikuwa krimu. Kwenye duka moja la dawa niliuziwa krimu ya steroidi, ile ya upele unaowasha. Nikapaka siku tatu, malengelenge yakasambaa hadi chini ya pua. Steroidi hupunguza nguvu za mwili za kupigana na virusi, kwa hiyo usiipake hapo. Antibiotiki nayo haiui virusi. Dawa ya meno inakausha ngozi na kuichoma tu.

Dawa yenyewe inaitwa asaiklovia. Krimu yake hupakwa mara tano kwa siku, kwa siku nne au tano. Vidonge vina nguvu zaidi, lakini hivyo uandikiwe na daktari. Kitu ambacho ningependa kila msomaji akishike ni saa ya kuanza. Dawa inazuia virusi kuzaana, haiponyi ngozi iliyokwisha kupasuka. Ukianza ile jioni ya kuchonyota, pengine malengelenge yatakuwa machache, au siku za kuugua zitapungua kidogo. Ukingoja gamba, umechelewa. Mimi natembea na tyubu yangu kwenye mkoba wa pesa za sokoni, kwa sababu mchonyoto hauji duka likiwa wazi. Nawa mikono kabla na baada ya kupaka. Kipande cha barafu ndani ya kitambaa safi hupunguza maumivu, na mafuta mepesi ya mgando huzuia gamba kuchanika.

Upande wa kujikinga, mwavuli sasa unanifunika mimi. Nimevaa kofia pana, na mdomoni napaka mafuta yenye kinga ya jua, SPF 30, narudia kila baada ya saa mbili hivi. Weusi wa ngozi hautoshi kuulinda mdomo. Tangu nianze hivyo, vidonda vimepungua sana.

Kidonda kikipita wiki mbili, au kikirudi kila mara, muone daktari, na ukubali kupimwa VVU, kwa sababu kinga iliyodhoofika huwaachia virusi hivi nafasi. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likichukia mwanga, nenda siku hiyohiyo. Hepesi ya jicho inaweza kupofusha. Ukiwa na kidonda, usibusu mtu wala usifanye ngono ya mdomo, kwani virusi hushika sehemu za siri pia. Kikombe na taulo yako viwe vyako.

Na watoto wachanga, jamani. Dada yangu alipojifungua mwaka jana, shangazi yetu alifika na gamba mdomoni, mikono tayari imenyooshwa. Nikasimama mlangoni. "Shangazi, samahani sana, mtoto usimbusu leo." Akakasirika. "Mwanangu, nimelea sita, na wote niliwabusu." Nilimjibu kwa heshima, lakini sikusogea. Mtoto wa wiki chache hana kinga ya kutosha. Virusi hivi vinaweza kumwingia kwenye ubongo na ini, vikamuua. Mchanga akiwa na homa, akikataa kunyonya, akilegea au akitoa malengelenge, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Nyumba ilinuna wiki nzima. Dada yangu alilia, akidhani nimevunja undugu. Shangazi alirudi mwezi uliofuata, mdomo umeanza tena kumchonyota. Alijifunika kwa leso, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akaomba mtoto ainuliwe juu kidogo amwone.