Pelekea nani, Mwalimu?

Mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja hapa Moshi ameniuliza: "Naandaa maelezo kwa Kiswahili kuhusu nyukleotidi za ishara zinavyoongoza kazi ya jeni katika bakteria. RNA inapoundwa kwa kufuata DNA, niseme jeni inanakiliwa au inatafsiriwa?" Ameambatanisha na aya yake.

Inanakiliwa, Mwalimu. Nakili imetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuhamisha. Tafsiri ni kufafanua. DNA na RNA zote lugha yao ni ya nyukleotidi, yaani vipande vidogo vinavyozijenga, basi hapo ni nakala tu. Tafsiri iache ingoje ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ambako lugha inageuka kuwa ya asidi amino, vipande vya kujengea protini.

Kilichoniuma ni aya yenyewe: "Upungufu wa glukosi unapelekea cAMP kuongezeka, hali inayopelekea CRP kushika DNA, jambo linalopelekea jeni za kuvunja laktosi kunakiliwa." (cAMP ni nyukleotidi ya ishara, CRP ni protini inayoipokea, na laktosi ni sukari ya maziwa.) Pelekea tatu kwenye sentensi moja!

Peleka ni kitenzi cha mzigo na safari. Ukikitia kauli ya kutendea, lazima awepo mpokeaji: nimempelekea shangazi mkungu wa ndizi Marangu. Shangazi yupo, mkungu upo, na nauli nimelipa. Sasa glukosi iliyopungua imempelekea nani, na imempelekea nini? Kila masika nasikia "mvua imepelekea barabara kukatika". Mvua haikubeba barabara kwenda kumkabidhi mtu. Imesababisha ikatike. Neno tunalo, tena la siku nyingi.

Katika somo lako, Mwalimu, madhara yanazidi sarufi, kwa sababu pelekea inamficha mtendaji. Ndani ya bakteria Escherichia coli, glukosi ikipungua, kimeng'enya huunda cAMP kutokana na ATP, molekuli ya nishati ya seli. cAMP hujishikiza kwenye protini CRP na kuibadili umbo. CRP nayo hushika DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuivuta polimerasi ya RNA, ambayo ndiyo mnakili mwenyewe. Lakini jeni za laktosi zina mlinzi: protini nyingine imekalia DNA, na haibanduki mpaka laktosi iwepo. Kwa hiyo upungufu wa glukosi peke yake hautoshi. Unawezesha tu. Mwanafunzi aliyesoma "unapelekea" ataamini unatosha, atakosa mtihani, na kosa litakuwa letu.

Itazame pia ppGpp, nyukleotidi nyingine ya ishara, ambayo Michael Cashel na Jonathan Gallant waliiripoti mwaka 1969. Asidi amino zikiadimika, protini RelA huiunda, nayo hujishika kwenye polimerasi ileile. Jeni za RNA ya ribosomu hupunguziwa unakili; zile za kuunda asidi amino huchochewa. Kupunguza na kuchochea ni kazi mbili zinazopingana, na pelekea ingezifunika zote kwa blanketi moja.

Najua neno limeenea. Mjukuu wangu wa Njiro hulisema tukiwa mezani, nami siku hizi namwacha ale. Kwenye daftari la mwanafunzi sikubali. Andika hivi:

"Glukosi ikipungua, cAMP huongezeka na, ikiungana na CRP, huwezesha jeni za kuvunja laktosi kunakiliwa, mradi laktosi ipo."