Zana za bure kwa darasa la tatu: pa kuzitafuta na za kuachana nazo

SWALI: Shikamoo Mkufunzi. Nafundisha darasa la tatu shule ya msingi huku Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria. Wanafunzi wamepita mia, vitabu vya kiada wanachangia, umeme darasani hakuna, na mtandao mpaka nipande mlimani nyuma ya shule. Nikitafuta "zana za kufundishia" kwenye simu naletewa vitu vya Kiingereza, vya kulipia, au vya madarasa ya watoto ishirini. Kwenye magrupu ya WhatsApp wanauza maandalio (mipango ya kila kipindi) na maazimio ya kazi (mipango ya muhula). Shida zangu kubwa ni mbili: wapo watoto ambao kusoma bado, na vipimo kwenye Hisabati haviwaingii kabisa. Nitapata wapi vitu vya bure, vya Kiswahili, vinavyofaa darasa kama langu? Na mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akinikuta na kitu kisicho cha TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, itakuwaje?

JIBU: Marahaba Mwalimu, pole na kazi. Wengi wanaoniuliza hili wanataka orodha ya tovuti. Nitakupa chache, lakini ukiondoka hapa na orodha tu utarudi mlimani ukahangaike na bando lilelile. Tatizo lako la kwanza ni kwamba unatafuta kwa jina la jumla. Ukiandika "zana za kufundishia" mashine haijui kama wewe unahitaji silabi za kuanzia au ramani ya dunia.

Fungua muhtasari, yaani hati inayoeleza nini kifundishwe katika somo, kabla ya kufungua simu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, una muhtasari wa kila somo kwenye tovuti ya TET, na unapakuliwa bure kama faili la PDF. Watu wengi huusoma hadi kwenye umahiri mahususi (uwezo unaolengwa kwa mtoto) wakaishia hapo, wanajaza azimio, basi. Wewe endelea kusoma safu hadi mwisho, ufike panapotajwa vigezo vya upimaji na zana zinazopendekezwa. Mle utaona mtoto anatakiwa aweze kufanya nini hasa, na hicho ndicho cha kukitafutia zana. "Hadithi fupi ya sentensi tano yenye silabi za herufi mbili" unaweza kuitafuta ukaipata, au usipoipata ukaiandika mwenyewe jioni moja.

Muhtasari huohuo utakuokoa na biashara ya magrupu. Mimi sina ugomvi na mwalimu anayeuza jasho lake, ila mengi ya yanayozungushwa ni ya mtaala uliopita, yamebadilishwa mwaka tu pale juu. Kama andalio la darasa la tatu linasema somo ni Maarifa ya Jamii au Uraia na Maadili, lifute, kwa sababu sasa tuna Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa Hisabati na Kiswahili jina la somo halikusaidii kugundua, hapo linganisha maneno ya umahiri na muhtasari ulioupakua. Yakitofautiana, usinunue.

Sasa vyanzo. Cha kwanza ni Maktaba Mtandao ya TET. Vitabu vya kiada vinasomeka humo bure, kwa hiyo nakala moja ya darasani ikiwa mikononi mwa watoto wewe unaandalia somo kwenye simu yako. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Cha pili nashangaa kwa nini walimu wa msingi hawakitumii, na kwa maoni yangu ndiyo zana bora ya bure tuliyo nayo nchini. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi, za upimaji wa darasa la nne na za mtihani wa darasa la saba, kila somo na taarifa yake. Watu wanapakua mitihani iliyopita na kuiacha hii. Ndani yake swali linatajwa, wanaeleza wanafunzi wangapi walilipata, kisha wanakuonyesha kielelezo cha jibu la mtoto aliyekosea, kwa mwandiko wake, na maelezo ya alivyokosea. Unamwona mtoto anavyowaza. Kwa mwalimu wa darasa la tatu, taarifa ya darasa la nne ya Hisabati inakuambia mapema wanao watakwama wapi mwakani. Soma sehemu ya vipimo peke yake kwanza. Ukikuta, kwa mfano, watoto wamejumlisha mita na sentimita kana kwamba ni kitu kimoja, umeshapata somo la wiki, na hukuhitaji picha wala video.

Kwa kusoma, nenda kwenye africanstorybook.org. Ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu. Anza na ngazi ya chini kabisa hata kama darasa ni la tatu, maana mtoto ambaye kusoma bado hatasaidiwa na hadithi ya umri wake. Tovuti ya StoryWeaver nayo ina hadithi za Kiswahili na ngazi zake. Kote kuwili hadithi zinatolewa kwa leseni ya Creative Commons. Maana yake kwako ni hii: unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kunakili ubaoni, na kwa leseni zilizo nyingi humo unaruhusiwa hata kubadili maneno, alimradi unamtaja mwandishi, mchoraji na ulikoitoa. Ukurasa wa mwisho wa hadithi huonyesha aina ya leseni, uusome. Ruhusa ya kubadili utaihitaji, kwa kuwa hadithi nyingi zimeandikwa au kutafsiriwa Kenya, na utakutana na "karo" na "shule ya upili" ambazo wanao hawajawahi kuzisikia. Badilisha bila wasiwasi. Hata majina ya wahusika, mpe mtoto wa hadithi jina la Kikerewe au la Kijita uone darasa linavyochangamka.

Kuhusu mtandao: African Storybook wana programu ya simu inayohifadhi hadithi ukazisoma bila bando. Ukipanda mlimani mara moja, shusha hadithi za muhula mzima kisha ushuke. Ipo pia programu iitwayo Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye memori kadi. Hiyo ni ya kwako kujisomea unapoandaa, si ya kumpa mtoto, kwa sababu makala nyingi mle ni fupi mno na nyingine zinahitaji kuhakikiwa. Na faili moja likishafika kwenye simu yako, walimu wengine wasiunguze bando lao. Tumieni kipindi cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) hapo shuleni, kila mtu apokee kwa Bluetooth.

Ubongo Kids na Akili and Me bila shaka unazijua kwa runinga. Ni kazi za Dar es Salaam, Kiswahili chake ni chetu, nazo ni za bure. Lakini tuambiane ukweli, video kwenye kioo cha simu mbele ya watoto mia inawafaidi waliokaa dawati la mbele tu. Chukua sauti. Nyimbo za kuhesabu na za herufi zinafanya kazi vizuri kwenye spika ndogo ya kuchaji, na watoto hawahitaji kuona chochote.

Tatizo la darasa kubwa ndilo lililobaki: hadithi ipo kwenye simu, watoto ni mia. Kuchapa nakala steshenari ya Nansio kutakula mshahara. Fanya bango la kiroba. Tafuta kiroba cha salfeti, kile cheupe cha sukari au cha mchele, fumua mshono wa ubavuni na wa chini upate kitambaa kipana. Kifue kwa sabuni mpaka vumbi la ndani liishe, la sivyo wino hautashika, kisha ukianike juani. Upande usio na maandishi ya kiwanda chora mistari kwa penseli na rula ndefu, uandike kwa maka peni nyeusi isiyofutika, sentensi moja mstari mmoja. Herufi kama a na o zisipungue kimo cha sentimita 5. Ukishaandika mstari wa kwanza, nenda ukasimame ukutani mwisho wa darasa uusome kabla hujaendelea. Usikate neno likaangukia mstari wa pili, msomaji anayeanza linamvuruga. Shona upindo juu upitishe mti wa kuning'inizia, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, andika jina la hadithi, mwandishi na chanzo. Kinakunjwa, hakichaniki, mvua ikipuliza dirishani hakilowi kama manila. Viroba sita vya namna hii ni maktaba ya muhula. Picha usihangaike nazo sana, chora moja au waache watoto wachore wenyewe baada ya kusoma, utajua nani ameelewa.

Vipimo sasa. Hapa acha simu kabisa, zana zimekuzunguka. Kwa ujazo, azima sado ya kupimia dagaa na uwe na chupa ya maji ya lita moja. Waulize kwanza: sado hii inachukua chupa ngapi? Kila kundi liandike jibu lake chini kabla ya kumimina tone. Kisha wamimine, wahesabu kwa sauti. Halafu leta sado nyingine iliyopondwa kitako, warudie. Watoto wa wachuuzi watacheka kwa sababu mchezo huo wanaujua, na kuanzia hapo hutahitaji kueleza kwa nini tunahitaji lita.

Kwa urefu, sangara. Kila mtoto wa ziwani anajua kwamba kuna sangara anayekamatiwa faini. Kipimo chenyewe ni sentimita 50. Aliye chini ya hapo haruhusiwi kuvuliwa. Kata samaki wa maboksi wa urefu mbalimbali, wengine 38, wengine 47, wengine 52, wengine 61, ugawe kila kundi watano, kundi likae kama ofisi ya uvuvi litenge wa halali na wa kurudishwa majini. Rula ya mwanafunzi ina sentimita 30, kwa hiyo samaki wote hawa wanaizidi. Usiwaambie cha kufanya. Watabishana, mmoja ataweka alama pale rula ilipoishia na kuendelea kutoka hapo, mwingine ataanza kwenye 1 badala ya 0 na samaki wake ataongezeka sentimita moja. Kosa hilo la kuanzia kwenye 1 ndilo la kulikamata siku hiyo, maana ukilifumbia macho litamfuata mtoto hadi mwisho wa shule ya msingi. Waliowahi kumaliza wapime tofauti: huyu wa 38 amebakiza sentimita ngapi afike kipimo?

Tahadhari moja, na naomba uizingatie. Usiwatume watoto waingie majini kuokota konokono, magugu maji au chochote cha kuhesabia. Kichocho kipo sana mwambao wote wa ziwa letu, na mtoto anakipata kwa kugusa maji yenye vimelea vinavyotoka kwa konokono, hata akiingia mpaka magotini tu. Vizibo vya soda, punje za mahindi na kokoto za nchi kavu zinatosha kabisa. Ukihitaji mmea wa majini kwa somo la Sayansi, mwombe mvuvi akuletee.

Ukija Mwanza kwa meli ya Nansio, pitia Maktaba ya Mkoa uone vitabu vya watoto walivyo navyo, na uulize utaratibu wa shule kuazima. Nenda na barua ya mwalimu mkuu, itakupunguzia mazungumzo. Kwa Afisa Elimu Kata pia uliza kituo cha walimu cha jirani kina nini. Vingine vimelala, lakini nimeona vyenye maboksi ya vitabu ambavyo havijawahi kufunguliwa.

Kuhusu mthibiti ubora, tenganisha kitabu na zana. Kitabu cha kiada ni cha TET, na hicho ndicho kiandikwe kwenye sehemu ya rejea ya andalio lako. Kitabu cha ziada nacho kinatakiwa kiwe na ithibati, kwa hiyo usigawe darasani vitabu ulivyochapa mwenyewe ukaviita vya ziada. Bango la kiroba, kadi, sado na samaki wa maboksi ni zana alizoandaa mwalimu, viandike hivyohivyo kwenye sehemu ya zana, pamoja na umahiri mahususi unaovihusu. Kabla ya kutundika hadithi mpya mpe mwalimu wa taaluma aisome, asaini kwenye andalio. Mthibiti akifika atauliza zana inahusiana vipi na somo, na jibu litakuwa limeshaandikwa.