Makato ya kodi yakipanda, mimi napata nini?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Greensboro, North Carolina, mwaka wa nne sasa, nahudumia wazee. Sijaolewa, sina mtoto, na kwa mwaka napata dola 32,000. Kazini wanasema jimbo likiongeza makato ya kawaida kwa dola 3,000, kila mtu atarudishiwa dola 3,000. Mwenzangu mwingine anasema tuachane na makato, maana asilimia ya kodi inashushwa kila mara. Nimsikilize nani?
Msomaji, Greensboro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu za usiku.

Hizo 3,000 usizipangie matumizi, haziji. Makato ya kawaida ni sehemu ya kipato ambayo kodi haiigusi, kama nyumbani Tanzania ambako shilingi 270,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi hazikatwi PAYE. North Carolina inakuachia dola 12,750. Wanandoa wanaojaza fomu pamoja, 25,500. Ukitoa 12,750 kwenye 32,000 zako zinabaki 19,250, na hizo ndizo zinazotozwa. Makato yakiongezwa 3,000, unachookoa ni kodi ya hizo 3,000 tu. Kwa kiwango cha 2026, asilimia 3.99, ni dola 119 na senti 70.

Sasa huyo wa asilimia. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa 4.25, mwaka 2026 ni 3.99. Kwako tofauti hiyo ni dola 50 kwa mwaka mzima. Asiye na ndoa mwenye kipato cha dola 400,000 anapunguziwa zaidi ya dola 1,000. Lakini makato yangeongezwa, naye angepata zile zile 119.70 zako. Ndiyo maana mimi niko upande wa makato, na kila nikikaa na wahudumu wa wazee kuwajazia fomu naumia kuona 12,750 ile ile tangu 2022. Pango halikusimama. Makato ya serikali kuu nayo hupanda kufuata bei: yalikuwa 12,950 mwaka 2022, na pamoja na nyongeza ya sheria mpya yakafika 15,750 mwaka 2025.

Ila ukisikia yamepandishwa, uliza kwanza kilichoondolewa. Mwaka 2014 jimbo hili liliyapandisha kutoka 3,000 hadi 7,500 kwa asiye na ndoa, watu wakafurahi. Mwaka huo huo likafuta msamaha wa kila mtu, yaani kiasi kingine cha kipato kisichotozwa kodi, uliokuwa 2,500 kwa wa kipato kama chako, na ile nafuu ya jimbo kwa wafanyakazi wa kipato kidogo ikawa imekwisha na 2013. Walioumia zaidi ni akina mama wanaolea watoto peke yao, maana nafuu ile ndiyo iliyokuwa ikiwarudishia fedha.

Na kuna kosa ninalolikuta kila msimu: mtu ananakili makato ya serikali kuu na kuyaweka kwenye D-400, fomu ya jimbo. Wewe weka 12,750. Kama una mdogo wako aliyekuja na viza ya mwanafunzi, ambaye kikodi bado anahesabiwa mgeni, mwambie haya makato hayamhusu kabisa, asije akadaiwa baadaye.